Faili ulilosevu jana na leo hulioni: anzia hapa

Mkuu, umesema jana usiku uliandika barua ya maombi ya kazi kwenye kompyuta ya nyumbani, ukabonyeza Save, na leo huioni. Usianze kuiandika upya. Fungua Word, nenda File, kisha Open, uangalie orodha ya Recent. Mara nyingi ipo hapo, na chini ya jina la faili pameandikwa njia ya folda lilipo. Isome hiyo njia. Wengi hulifungua faili wakafurahi, kesho wanalitafuta tena.

Lisipoonekana, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, ingia This PC, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika *.docx. Neno "barua" halitakusaidia sana, kwa sababu kompyuta ya nyumbani ina barua za kila mtu. Matokeo yakitoka, yapange kwa Date modified, la karibuni likae juu.

Nimefanya kazi steshenari muda mrefu, na karibu kila siku huja mtu na laptopu akisema kazi yake imefutika. Kwa niliyoyaona, kufutika ni nadra. Faili limebaki Downloads pamoja na picha za WhatsApp. Au lilifunguliwa kutoka kwenye flashi, hivyo Save imelirudisha hukohuko kwenye flashi, na flashi ameazimwa jirani. Au mtu amefungua kiambatisho cha barua pepe bila kukipakua kwanza, akakirekebisha, na kazi ikaishia kwenye folda ya muda iliyofichwa. Ndiyo maana nasisitiza F12 kwenye Word. Inafungua Save As, inakulazimisha uone unaweka wapi na kwa jina gani.

Jina nalo lina uzito. "CV mpya", "CV mpya final", "CV final kabisa": mwezi ukipita hata mwenyewe hujui ipi ulituma. Anza na mwaka, mwezi, siku, kisha kilichomo: 2025-03-14 maombi ualimu sekondari. Ukiweka mwaka mbele, kompyuta inayapanga mafaili kwa mfuatano wa tarehe yenyewe. Tumia vistari, kwa kuwa Windows haikubali mkwaju, nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Folda chache zinatosha: Kazi, Shule, Familia, Vyeti. Ukianza kuweka folda ndani ya folda ndani ya folda, utajipoteza.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Watu wanaweka kila kitu Desktop kwa sababu wanakiona wakiwasha tu. Desktop ni folda, na kwa kawaida iko diski C, sawa na Documents na Downloads. Kompyuta ikianza kusumbua, unaipeleka kwa fundi, anapiga Windows upya, na akiifomati C, vyeti ulivyoskani na picha za harusi vimekwenda. Fundi hana kosa kama hukumwambia. Kabla hujamkabidhi mashine, nakili folda zako zote nje. Kuzihamishia diski D kunasaidia Windows ikipigwa upya, lakini mara nyingi C na D ni vipande vya diski moja, na diski ikifa vyote vinakufa. Nakala ya kweli inakaa kwenye kifaa kingine, iwe diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni.

Flashi ni ya kusafirishia tu, usiifanye ghala. Ukifuta kitu kilicho kwenye flashi, kwa kawaida hakipiti Recycle Bin. Na kuna kirusi kile kinachogeuza folda zote kuwa shotikati, yaani alama za njia ya mkato. Likikukuta, usikubali mtu aifomati haraka, maana mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Usibonyeze hizo shotikati. Skani kwanza kwa antivirusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zikirudi, zihamishie kwenye kompyuta, na hapo ndipo uifomati flashi.