Modeli ya ndege ya kampuni gani? Tazama kwanza umri wa kalibu

Wanaoanza kuunda modeli za ndege huniuliza swali hilohilo: ninunue ya kampuni gani? Nami huwarudishia swali: hiyo unayoitaka, kalibu yake ilichongwa mwaka gani? Boksi linaweza kuwa jipya, picha ya juu inang'aa, na bei ni ya mwaka huu, kumbe plastiki iliyo ndani imetoka kwenye kalibu ya chuma iliyochongwa kabla hujazaliwa.

Hili nililijua kwa machungu. Miaka kumi na kitu iliyopita ndugu yangu aliniletea seti ya ndege ya kivita, yaani boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha, kampuni sitaitaja, boksi likiwa bado na nailoni yake. Kufungua, nikakuta ribiti zimetuna juu ya mabawa kama upele. Nusu mbili za bodi zilikuwa hazikutani, zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Nikatia puti, nikapiga msasa, nikatia puti tena, na kila nikisugua ule ufa, ribiti za pembeni nazo zinafutika. Wiki tatu zilikwenda hivyo. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kalibu ile ilikuwa ya miaka ya 1960, na kwamba kampuni ileile ilikuwa inauza seti nyingine ya ndege hiyohiyo, ya kalibu mpya, kwa bei iliyozidi kidogo tu. Tangu siku hiyo sinunui kitu kabla sijapitia tovuti ya Scalemates. Unaandika jina la seti, inakuonyesha ukoo wake wote: nani aliichonga, lini, na imeshawahi kuvalishwa maboksi ya kina nani. Revell ya Ujerumani, kwa mfano, ina kalibu zake nzuri sana, lakini pia ilirithi kalibu nyingi za Matchbox, na kwa miaka imeuza seti zilizochongwa na kampuni nyingine, Hasegawa na Italeri, ndani ya maboksi yake. Jina la juu ni moja, ndani mna kazi za mafundi tofauti kabisa.

Sasa nije kwenye mapenzi yangu.

Kama hujawahi kuunda hata moja, na fedha unayo, anza na Tamiya. Ni kampuni ya Shizuoka, Japani, iliyoanza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, na mimi huwa nahisi kwamba ule utamaduni wa seremala haujawatoka. Chukua Spitfire Mk I yao, ndege ya kivita ya Uingereza, ya kipimo cha 1/48 (ndege halisi imepunguzwa mara 48), ya mwaka 2018. Unakata kipande kutoka kwenye fremu ya plastiki inayokishikilia mara mbili, kwanza mbali kidogo, kisha karibu, ili plastiki isiachwe na kovu jeupe. Unakisafisha kwa wembe. Unalisogeza bawa kwenye bodi bila gundi yoyote, linaingia na kujishika lenyewe, na ule mstari wa kiungo unaangukia palepale ambapo bati la ndege halisi lilikutana na bati lingine. Hakuna puti. Halafu unaibana kwa vidole, unagusisha brashi ya gundi yao nyepesi, ile ya kifuniko cha kijani, na gundi inakimbia yenyewe ndani ya kiungo. Mtu aliyeanza na seti ya namna hiyo anajifunza kupaka rangi na kuweka dekali, zile karatasi nyembamba za alama na maandishi, bila kuvunjwa moyo na plastiki, na ndiyo maana nasisitiza.

Na hapa niseme, umri peke yake hauhukumu. P-51D Mustang ya Tamiya ya 1/48 ni ya mwaka 1995, na mpaka leo ningempa mtoto wa dada yangu bila wasiwasi. Fundi aliyechonga kalibu ile aliipima ndege sawasawa. Kwa hiyo mwaka ukiujua, tafuta pia picha za watu walioiunda seti hiyo kabla hujatoa pesa.

Airfix ya Uingereza ndiyo iliyowalea waundaji wengi duniani, na ndiyo inayowachanganya wanunuzi kuliko zote, kwa sababu ya hazina yake kubwa ya kalibu za zamani. Mwaka 2006 ilinunuliwa na Hornby, na baada ya hapo zikaanza kuja kalibu mpya moja baada ya nyingine. Hizo ndizo za kutafuta. C-47 Dakota yao ya 1/72 ya mwaka 2014 ni nzuri mno, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki ina maana yake, kwani Dakota zilibeba abiria wa East African Airways, lile shirika la pamoja la nchi zetu, kwa miaka mingi. Mistari ya mabati ya Airfix ni mipana kidogo kwa jicho langu, lakini rangi ikishapakwa hunywea, na bei yake inamruhusu mtu wa kipato cha kawaida kukosea na kurudia. Kwa vijana hilo lina uzito kuliko mstari mwembamba.

Eduard ni ya Jamhuri ya Cheki. Ilianza mwaka 1989 na ikajijengea jina kwa vipande vya shaba vilivyochongwa kwa tindikali: mikanda ya kiti cha rubani, dashibodi yenye saa ambazo unaziona kwa lenzi tu. Boksi lao la ProfiPACK lina shaba hizo pamoja na vikaratasi vilivyokatwa tayari vya kuziba vioo wakati wa kupaka rangi. Boksi la Weekend ni la bei nafuu, plastiki ileile bila hayo yote. Kinachonifanya niwaheshimu ni habari ya Messerschmitt Bf 109 G-6, ndege ya kivita ya Ujerumani. Waliitoa mwaka 2014, waundaji wakaipima na kukuta imezidi ukubwa, na mwaka 2016 Eduard wakaja na kalibu mpya. Kalibu ya chuma ni gharama kubwa, na kukiri kosa kwa kuchonga upya ni uungwana. Lakini usianze nao. Vipande ni vingi na vidogo, kimoja kikiruka kutoka kwenye kibano kikaangukia kwenye mkeka, umepoteza asubuhi nzima.

Hasegawa nawapenda kwa ndege za jeti, umbo lao ni sahihi. Ila soma boksi vizuri, kwani mara nyingi makombora huuzwa kando. Kwa 1/72 tazama Arma Hobby ya Poland. Zvezda ya Urusi wana Boeing 787-8 ya 1/144, ndege ileile inayorushwa na Air Tanzania na Kenya Airways. Dekali za mashirika yetu huenda ikabidi uchapishe mwenyewe.

Neno moja kuhusu usafirishaji, maana wengi wetu tunategemea ndugu wanaokuja likizo. Boksi la plastiki halina tatizo. Rangi za kopo la kupuliza na thina ni vitu vinavyoshika moto, haviruhusiwi kwenye ndege, hata rangi za akriliki za Tamiya zina spiriti ndani yake. Usimtie mtu matatani uwanjani. Rangi za Vallejo ni za maji na hazina shida hiyo. Gundi yangu huja kwa basi kutoka Nairobi. Ikichelewa, supaglu ya dukani inafanya kazi, mradi uitie kwa ncha ya sindano. Na kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa: usipulize vanishi ya mwisho wakati wa masika. Unyevu ukiingia, ile vanishi angavu inageuka ukungu mweupe juu ya kazi yako yote. Subiri siku kavu, jua likiwa limeshapanda.

Nimeiacha kwa mwisho ndege iliyonifanya niingie kwenye kazi hii. Baba mdogo wangu alikuwa fundi wa East African Airways pale Embakasi mpaka shirika lilipovunjika mwaka 1977. Ndege aliyoizungumzia daima ni Super VC10, yenye injini nne mkiani, ya ukoo wa VC10 uliobuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya mwinuko kama Nairobi. Miaka kadhaa iliyopita nilimuundia moja kutoka kwenye kalibu ya zamani ya Airfix, ya 1/144, ambayo ni ya ndege za BOAC, shirika la Uingereza la enzi hizo, nikachapisha dekali za East African. Nikampelekea. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akatazama ubavu wa kushoto kwa muda mrefu.

"Mwanangu, mlango wa mizigo uko wapi?"

VC10 zetu zilikuwa za aina ya 1154, zenye mlango mkubwa wa mizigo mbele upande wa kushoto, na za BOAC hazikuwa nao. Sikuwa nimelijua hilo. Mtu aliyeufungua na kuufunga mlango huo kwa miaka alikuwa analijua.

Kwa hiyo nikaitafuta ya Roden, kampuni ya Ukraine, iliyotoa Super VC10 ya 1/144 yenye rangi za East African Airways. Kwa ndege hii sichagui tena kati ya kampuni: hiyo ndiyo. Si seti ya mtu anayeanza, inataka subira na kujaribisha kila kiungo kavu kabla ya gundi. Na pua itiwe uzito kabla hujaifunga bodi, kwa sababu injini zote ziko nyuma na modeli yenye urefu wa sentimita 36 itakaa kwa mkia. Mimi hutumia chubwi za wavuvi, nazinunua pale Feri, nazigonga nyundo zikawa bapa, nazipanga mbele ya gurudumu la pua, kisha nazishika kwa supaglu. Simamisha bodi juu ya magurudumu kwa tepu na ujaribu. Ikisimama yenyewe ukiwa umeweka na mkia, ongeza chubwi moja zaidi.

Niliyoiunda ni 5H-MOG, yenye usajili wa Tanzania, VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Baada ya 1977 jeshi la anga la Uingereza lilizinunua zile nne zilizobaki na kuzigeuza ndege za kujazia mafuta angani. Yetu ikapewa namba ZA150, ikaruka mpaka mwaka 2013, na sasa imehifadhiwa Dunsfold, Uingereza. Roden wanayo pia hiyo ya kijeshi, K.3, na ukiitazama ubavu wa kushoto utauona mlango uleule. Nimeinunua. Nusu mbili za bodi zimeshakauka, chubwi ziko ndani, mkono wa kupokelea mafuta umeshasimama puani. Nasubiri masika yaishe niipake rangi, niiweke ubavuni mwa 5H-MOG kwenye kabati la baba mdogo.