Alteneta ya mtumba: usiangalie umbo tu

Ndugu, umeuliza kama alteneta (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) iliyotoka kwenye gari la modeli kama yako, ila la mwaka mwingine, itakubali. Inaweza, lakini usilipe kabla hujafungua ya zamani na kuziweka zote mbili sambamba mezani.

Anza na namba iliyo kwenye lebo. Ikilingana, nusu ya kazi imekwisha. Kisha tazama masikio ya bolti na puli, yaani gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda. Hesabu mifereji ya puli kwa ukucha, maana ya mifereji 6 na ya 7 zinafanana ukitazama harakaharaka. Ampea, yaani kiasi cha umeme inachotoa, zikizidi kidogo si tatizo. Zikipungua, betri itakulilia usiku taa zikiwaka.

Plagi ndiyo huwaliza wengi. Pini zinaweza kulingana kwa idadi na waya zikawa na kazi tofauti, hasa kwenye magari ambayo kompyuta ya injini ndiyo inayoamua chaji. Fundi akitaka kukata waya "aunganishe tu", mzuie.

Zungusha puli kwa mkono: ikikwaruza, beringi imechoka. Ukishaifunga, washa injini upime volti kwenye betri. Kwa magari mengi ya volti 12 utaona takriban 13.8 hadi 14.5.