Kaka anataka nusu kwa nusu, mimi nimetoa zaidi

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu Newala, mwaka 2011 mimi na kaka yangu tulikubaliana kujenga Mtwara mjini, kule Chuno. Yeye akalipa kiwanja milioni 4 akaweka na milioni 6 za msingi na tofali, mimi nikakopa kwa mshahara wangu nikapaua, nikaweka milango, tailizi, choo, jumla yangu milioni 20. Karatasi ya mauziano ina majina yetu wote ila haijaandikwa nani ana kiasi gani. Sa hivi tumepata mteja wa milioni 60, tukitoa ya dalali na kodi ya TRA inabaki kama 54. Kaka anasema tugawane nusu kwa nusu maana yeye ndo alisimamia mafundi, na mjomba yuko upande wake anasema damu moja haipigiani hesabu. Mimi naona nipate 36 yeye 18. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, najua ilivyo kulipa mkopo kila mwezi alafu unaambiwa mko sawa. Nusu kwa nusu si haki kwako, hilo nasema wazi. Lakini na hiyo 36 yako naomba tuiangalie vizuri, maana umehesabu kama vile kila shilingi iliyoingia imefanya kazi sawa, na sivyo. Bati ulizoezeka zamani leo ni bati zimechakaa, mteja hatoi 60 kwa ajili ya bati, anatoa kwa ajili ya kiwanja cha mjini, na kiwanja kile kaka alikilipia kabla joto la gesi asilia halijapandisha bei ya ardhi ya Mtwara. Leo kwa milioni 4 Chuno utapata nini?

Kwa iyo mimi ningefanya hivi, kwanza kila mtu arudishiwe alichotoa, wewe 20 yeye 10, inabaki 24 ambayo ni faida, hiyo ndo mgawane nusu, 12 na 12. Wewe unaondoka na 32, kaka 22. Nguvu yako ya mkopo imeonekana na jicho lake la kununua mapema limeonekana.

Kuhusu kusimamia mafundi, ni kazi kweli na ina thamani, ila hujaniambia kitu kimoja, nyumba ilikuwa na wapangaji? Kama ilikuwa nao na kodi alikuwa anakula yeye peke yake miaka yote hii basi ujira wake kashaupata. Kama hakuna aliyekula kodi, muongezeeni kidogo kabla ya kugawa faida, usibane sana hapo.

Na usikubali mtu akuchanganye na kesi za mume na mke kama ile ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif ya mwaka 1983, ya kugawana mali baada ya talaka, hizo zinaenda kwa Sheria ya Ndoa. Nyie ni ndugu, yenu ni Sheria ya Ardhi ya 1999 ambayo inatambua watu kumiliki pamoja kila mtu na fungu lake. Shida yenu mafungu hayakuandikwa, ndo maana risiti za bati na karatasi zako za mkopo zitafute leo leo.

Mjomba mrudieni kwa heshima, kwetu huku neno lake ni zito, mpelekeeni hizo hesabu zimeandikwa asome mwenyewe. Ikishindikana nendeni Baraza la Kata, siku hizi wao wanasuluhisha tu hawatoi hukumu, anayeamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila fanyeni yote haya kabla mteja hajalipa. Andikeni makubaliano serikali ya mtaa mbele ya mashahidi, kila mtu na kiasi chake, na mteja aingize hela kwenye akaunti mbili tofauti, zisipite zote kwa mtu mmoja.