Klarineti besi: upige nini kwenye usaili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea klarineti Ujerumani, na mwezi ujao nina usaili wa klarineti besi, ile klarineti kubwa ya sauti nzito, katika okestra ya vijana. Wametaka vipande viwili vya okestra vinavyotofautiana. Nimechagua skerzo (sehemu ya mwendo wa kasi) ya Konseto ya Kwanza ya Violini ya Shostakovich na Le Sacre du printemps ya Stravinsky, maana nimeambiwa jopo hupenda vigumu. Nimepatia?

JIBU: Marahaba. Hujapatia, ila aliyekushauri ndiye wa kulaumiwa. Shostakovich mbakize, kama unaimudu kwa mwendo wake halisi. Pale mwanzoni unakwenda sambamba na fluti, kwa hiyo mwenye tabia ya kukimbiza mapigo hujianika mapema. Stravinsky mweke kando. Badala yake chukua solo ya wimbo wa Mfalme Marke, tendo la pili la opera ya Wagner, Tristan und Isolde: polepole, sauti ya chini, nawe karibu peke yako. Hapo ndipo utofauti waliouomba.

Hilo la "vigumu" ndilo linalonichosha. Vijana wanapimana kwa wingi wa noti kana kwamba jopo linahesabu vidole. Wenye vidole vyepesi wapo tele. Tunachotafuta ni noti isiyopanda wala kushuka, mapigo yasiyoyumba, na sauti inayoanza bila kukoroma. Chukua Simfonia ya 6 ya Tchaikovsky, ya mwaka 1893. Katika sehemu ya kwanza, klarineti inafifia, kisha zinafuata noti nne za kushuka. Tchaikovsky aliziandikia fagoti, ala nyingine ya kupuliza yenye sauti nzito, akaweka alama ya p (yaani piga kwa sauti ndogo) mara sita. Okestra nyingi humpa noti hizo mpiga klarineti besi, kwa sababu fagoti huhangaika kunong'ona kiasi hicho. Noti nne tu! Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua vidole vyake. Lakini kuziingiza bila msikilizaji kugundua kwamba ala imebadilika, huku mwanzi wako, kile kibanzi kinachotetemeka mdomoni, umeloa kupita kiasi na mate yanatokota kwenye shingo ya ala, hiyo ni kazi nyingine. Mimi bado zinanitoa jasho.

Sasa kuna hawa wauzaji wa "vifurushi vya usaili": mistari minane iliyokatwa hapa na pale, ikachapwa upya, yote ikahamishiwa ufunguo wa sol (ufunguo ni alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha noti ipi iko wapi) ili isikutishe. Msinunue. Ala yetu ina maandishi ya namna mbili. Kwa mtindo wa Kifaransa unasoma ufunguo wa sol na sauti inatoka toni moja na oktava nzima (ngazi ya noti nane) chini. Kwa mtindo wa Kijerumani unasoma ufunguo wa besi na sauti inashuka toni moja tu. Mchapaji asiyelijua hilo anakuhamisha oktava nzima, nawe hutashtuka kwa sababu hujawahi kuiona karatasi ya okestra yenyewe. Niliwahi kukaa kwenye jopo, mtahiniwa nyuma ya pazia, akatupigia ukurasa mzima oktava moja juu, kwa ufasaha wa kupendeza. Tulitazamana tu.

Nenda maktaba ya chuo, uazime karatasi kamili ya klarineti besi pamoja na partitura, yaani kitabu chenye noti za ala zote. Soma ufunguo wa besi kuanzia leo, na hesabu mapumziko yote yaliyo kabla ya solo.