Maswali ya wasomaji: Raba za matairi kwenye watu wengi

Barua za mwezi huu zimetoka Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Arusha, na zote zinauliza juu ya raba zenye matairi kisiginoni. Watoto wanateleza nazo madukani, kwenye viwanja vya sikukuu, hata kwenye feri.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9. Raba zake za matairi anazimudu vizuri, nyumbani hajaanguka hata mara moja. Lakini supamaketi ni ugomvi kila tukienda. Anagonga troli za watu, na juzi kamkumba dada mjamzito. Nikimgombeza anasema alimwona, ila alishindwa kusimama. Ananidanganya?
Mama mzazi, Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Hakudanganyi, mama. Ni kweli hawezi kusimama.

Anayetembea ana wayo mzima chini. Akiona mtu anakatisha mbele yake, anakata mwendo na kukwepa ndani ya hatua moja. Anayeteleza kainua vidole, uzito wote umekaa juu ya vigurudumu vya visigino, na miguu imetangulizana, mmoja mbele mwingine nyuma. Hana cha kukanyagia akwepe kushoto au kulia.

Breki yake ni ya aina mbili. Raba nyingi za asili, zile zilizobuniwa na Mmarekani Roger Adams na kuanza kuuzwa mwaka 2000, zina kipande cha mpira nyuma ya gurudumu. Mtoto huinua vidole zaidi mpaka kipande hicho kikwaruze sakafu. Kwenye saruji kinashika. Kwenye marumaru yaliyopigwa deki kinateleza tu, na mtoto aliyeinua vidole kwa hofu huangukia kisogo. Breki ya pili ni kushusha vidole vya mguu wa nyuma na kuumalizia mwendo kwa kukimbia hatua tatu au nne.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyekimbia kidogo kisha akateleza huenda kama kilomita 8 kwa saa, zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Sekunde moja ya kushtuka imeshakula mita 2. Hatua za kumalizia mwendo zinataka nyingine kama hizo. Ni mita 4 toka alipomwona mtu hadi aliposimama, wakati mtu huyo katokea ghafla kwenye kona ya rafu, hatua mbili tu kutoka alipo. Ustadi hauongezi nafasi. Pengine huongeza hatari, kwa sababu anayejua huenda kasi zaidi, na kasi ikiwa mara mbili, nishati ya mgongano inakuwa mara nne.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu ya wale wanaogongwa. Mtoto wa miaka 9 akidondoka, mara nyingi huinuka na kujipangusa. Bibi wa miaka 70 akiangukia nyonga kwenye sakafu ngumu anaweza kuvunjika mfupa wa paja pale juu, akahitaji upasuaji, na wapo ambao hawarudi kutembea kama zamani. Mjamzito akigongwa tumboni apelekwe kliniki siku hiyohiyo hata kama hasikii maumivu, na asisubiri kabisa akiona damu, maji yanatoka, au mtoto amepunguza kucheza.

Kwa hiyo matairi yatoke mlangoni, kabla ya kuingia. Za asili hutolewa gurudumu kwa kifaa kidogo kinachokuja nazo, na tundu huzibwa kwa kizibo chake. Usimwache atembee na tundu wazi: kokoto hukaa humo, na kisigino kinakanyaga upande. Vizibo vinapotea haraka, hivyo viweke pamoja na kifaa kwenye kimfuko cha zipu ndani ya mkoba wako. Kama umevisahau nyumbani, siku hiyo avae ndala.

SWALI: Mimi nimenunua Kariakoo zile za kubonyeza, tairi linatoka na kurudi. Binti yangu alikuwa anashuka ngazi, tairi likachomoka lenyewe, akaserereka ngazi tano. Namshukuru Mungu hakuvunjika. Raba ni mbovu au ndivyo zilivyo?
Baba wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ashukuriwe Mungu. Kasoro hiyo tunaifahamu, na nyingi tulizoona zinaanzia kwenye kilango cha chuma.

Chini ya kisigino kuna sahani ya chuma yenye bawaba, springi na ulimi unaoshika. Ukibonyeza kitufe, ulimi unaachia na springi inasukuma magurudumu nje. Mchanga ukiingia, ulimi haufiki mwisho wa kiota chake. Kwa macho kilango kimefungwa, kumbe kimeshikwa na ncha tu. Ngazi moja inamgonga kisigino, kinafunguka. Kinyume chake nacho hutokea: springi ikilegea, matairi yanajikunja mtoto akiwa katikati ya mwendo.

Zipime kabla hujamrudishia. Funga na fungua mara kumi kila mguu, na kila mara usikie mlio mkavu wa “ka”. Mlio ukiwa mzito au usisikike, kuna uchafu au ulimi umelika. Kisha funga, shika raba kwa mkono na uigonge kisigino sakafuni kwa nguvu mara tano. Ikifunguka hata mara moja, usiivishe tena. Tatu, fungua matairi, uyaegemee kwa kiganja na kuyasukuma ubavuni, kwa maana huko ndiko bawaba dhaifu inakojionyesha. Mwisho zungusha gurudumu kwa kidole: lizunguke kwa sekunde kadhaa bila kukwaruza. Likisaga, gololi zimeingia vumbi. Likiyumba, ekseli imelegea.

Usafi ni mswaki mkuukuu, mkavu, kila baada ya kuvaa kwenye vumbi. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli na jingine kwenye bawaba, ufute yanayobaki. Mafuta ya kupikia hapana, yananata na kukusanya mchanga. Na yasiguse soli.

Ukienda dukani tena, zikwepe zile ambazo sahani yake imeshikwa kwa gundi peke yake, bila skrubu wala ribiti. Wala usinunue kubwa kwamba atazikulia. Tunaelewa bei, lakini kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya raba hakiwezi kuliongoza gurudumu. Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole inatosha.

SWALI: Skukuu inakaribia na mwanangu wa miaka 7 hataki kitu isipokuwa viatu vya magurudumu, avae Mnazi Mmoja kama wenzake wa skuli. Nimnunulie?
Mama Mkubwa, Unguja

JIBU: Mnunulie ukitaka, ila asivivae Mnazi Mmoja. Usiku wa Idd pale watoto wadogo wamejaa mpaka hupati pa kutia mguu, ardhi ina mchanga na vifuniko vya chupa, na taa za vibanda zinaacha viza vingi baina yake. Gurudumu dogo hivi linasimamishwa na kijiwe cha ukubwa wa haragwe: kiatu kinakwama, mtoto anaendelea mbele. Forodhani jioni ni mbaya zaidi kwa sababu ya majiko ya mkaa na karai za mafuta ya moto.

Mtoto asubiri kidogo: viatu vipya vya kawaida siku ya kwanza, vya magurudumu vianze baada ya skukuu, uwanjani. Tafuta pahala tambarare pa saruji, pakavu, pasipo na gari wala mteremko, hata mita 10 kwa 5. Kofia ya baiskeli ikae vidole viwili juu ya nyusi, na chini ya kidevu vidole viwili vipite baina ya ngozi na mkanda. Avae na vikinga vya vifundo vya mikono, viwiko na magoti. Mwaka 2006 madaktari wa hospitali ya watoto ya Temple Street, Dublin, walihesabu watoto 67 walioumia kwa viatu hivi ndani ya wiki 10, wengi wao mikononi. Mwaka uliofuata madaktari wa mifupa wa Marekani wakashauri vifaa hivyohivyo. Ukishindwa kupata vyote, kofia na vikinga vya mikono vitangulie.

Siku ya kwanza asifunzwe kwenda. Afunzwe kusita, yaani kusimama. Akushike mikono yote miwili, ainue vidole, uzito uende visiginoni, mwili wima. Umvute polepole hatua mbili, ashushe vidole vya mguu wa nyuma, amalizie kwa kutembea. Hivyo mara ishirini au thalathini, mpaka vidole vishuke bila ya kuambiwa. Ndipo umwachie mkono mmoja.

SWALI: Kwenye feri ya Likoni watoto wanateremka na viatu vya magurudumu katikati ya umati. Je, nikimwambia mtoto wa mwenzangu naingilia?
Abiria wa kila siku, Mombasa

JIBU: Mwambie, ndugu, na mwambie mzazi wake kwanza kama yuko karibu. Maji yakipwa, njia ya kuteremkia ferini inakuwa na mteremko mkali zaidi, mbele kuna bamba la chuma lenye matuta na maji ya chumvi, na magari yanangoja zamu. Kwenye mteremko gurudumu huongeza kasi lenyewe bila mtoto kusukuma. Ngazi za umeme nazo ni marufuku kabisa matairi yakiwa nje: gurudumu hubingirika kwenye ukingo wa kidato, na pale juu kwenye meno ya chuma linanaswa. Afunge matairi, asimame katikati ya kidato, mkono kwenye mkanda.

SWALI: Nina duka kubwa la nguo. Naweza kuwakataza bila kufukuza wateja?
Mwenye duka, Arusha

JIBU: Bandika tangazo mlangoni, kwenye usawa wa macho ya mtoto na jingine usawa wa mzazi: “Karibuni. Tafadhali tufunge matairi ya raba hapa.” Chini yake weka benchi. Watu hukaidi zaidi wakikosa pa kukaa. Mlinzi aseme na mzazi, asimshike mtoto anayeteleza, maana kumvuta mkono ndiko kunamwangusha.

SWALI: Mpwa wangu aliangukia mkono juzi, umevimba kifundoni. Jirani anasema ni teguko, tumkande kwa maji moto na kuuvuta. Vidole anachezesha.
Shangazi, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Msiukande, msiuvute. Kuchezesha vidole hakuonyeshi kwamba mfupa ni mzima. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na kiungo ambako urefu unaongezeka, na ufa ukipita hapo kwa nje huonekana kama teguko la kawaida. Picha ya eksirei ndiyo inayoamua, nanyi mmeshachelewa siku mbili. Mpelekeni leo.

Kabla ya kutoka, vueni bangili na saa. Kunjeni gazeti nene lifike kutoka kiganjani hadi kiwikoni, mkono ulale juu yake kama ulivyo bila kunyooshwa, mfunge kwa kitambaa kisichobana, kisha khanga ining’inizwe shingoni. Tazameni kucha: zikiwa za buluu au nyeupe, au mtoto akisema vidole vimekufa ganzi, legezeni kitambaa na mharakishe. Msimpe chakula mpaka daktari amwone, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi ili mfupa urudishwe.

Na mwulizeni kama alijigonga kichwa. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe yakitoka puani au sikioni, mkono usubiri: mwambieni muuguzi wa mapokezi habari ya kichwa kwanza.