Jibu: Dogo alipumbazwa Mwanjelwa, Mbeya, ni hipnosisi?

Pole sana mkuu, na dogo mpe pole. Umeuliza kama matapeli waliomchukulia simu na hela ya mbolea walimtia hipnosisi, yaani hali ya akili kuzama kwenye jambo moja kwa kuongozwa na mtu mwingine. Hapana. Mtu aliye kwenye hipnosisi hajalala wala hajazimia: anasikia, anajua alipo, na anaweza kukataa. Ili kumtia mtu hipnosisi, daktari James Braid, miaka ya 1840 huko Uingereza, alimfanya akodolee kitu king'aacho mpaka mengine yakafifia. Inahitaji utulivu na ridhaa.

Kwa ulivyosimulia, dogo aliharakishwa asipate nafasi ya kufikiri. Mmoja kaokota bahasha, wa pili anataka wagawane, wa tatu anatokea akifoka kwamba kaibiwa, "toeni kila kitu niwakague!" Hapo hofu inatangulia, kujiuliza kunakuja baadaye.

Ila hilo la kumpeleka Iringa kwa mtu amtie hipnosisi ili azikumbuke sura za hao matapeli, nakusihi acheni. Hipnosisi humzidishia mtu uhakika, si usahihi wa kumbukumbu. Anaweza kumtaja jirani asiye na hatia na akaamini kabisa. Aandike leo anachokumbuka, peke yake, kisha aende polisi. Na hapo nyumbani asiitwe mjinga, tafadhali.