Wanafunzi Wakiketi Mlangoni pa Utawala

Wiki iliyopita mhadhiri mmoja aliyeteuliwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu cha umma aliniandikia, akiuliza afanye nini siku wanafunzi watakapoketi mlangoni pa jengo la utawala na kukataa kuondoka. Namjibu hadharani, kwa kuwa wengi mnaonisoma mnatarajia kuziongoza taasisi hizi, na kwa kuwa mimi nimewahi kuketi mlangoni hapo.

Nilikuwa waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi. Bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa, wenzetu waliopanga mitaani walikuwa wakidaiwa kodi, na barua zetu kwa menejimenti, zote zikiwa na mhuri wa kupokelewa, hazikujibiwa hata moja. Tulipogoma tuliacha njia ya zahanati wazi, na aliyeokota jiwe tulimtoa sisi wenyewe. Hilo najivunia hadi leo. Hakuna kiongozi aliyeshuka kutusikiliza. Walikuja FFU, askari wa kutuliza ghasia, wakiwa na mabomu ya machozi. Bumu likatoka wiki ile ile, nami nikapewa barua ya kusimamishwa masomo mwaka mzima bila kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Ilikuwa fomu iliyochapwa kwa wingi, kosa likiwa limeandikwa tayari, "kushiriki vurugu", na jina langu limejazwa kwa peni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwenye mamlaka ya kuamua na ashuke mwenyewe, tena mapema, akiwa na majibu ya maandishi: fedha ziko wapi, nani anazishikilia, zitatoka lini. Ikiwa kikwazo ni Bodi ya Mikopo, waonyesheni barua mlizoiandikia. Polisi ni wa kumzuia anayepiga watu au kuchoma mali. Aliyeketi hahitaji kirungu. Anayetuhumiwa aelezwe kosa lake yeye, asikilizwe, apewe nafasi ya kukata rufaa. Kufunga chuo na kufukuza kwa mkupuo ni kumwadhibu hata aliyekuwa maktaba.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, yaani chuo kikuu cha Dar es Salaam, na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na wengi wakarudishwa mwaka uliofuata. Lakini walikuwa wamelalamikia pia mishahara ya wakubwa, na hapo Mwalimu alijibu kwa vitendo: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Viongozi wa vyuo hupenda kuiga kufukuza kule, na ni wachache mno wanaokumbuka kwamba hoja ilijibiwa siku hiyo hiyo.

Basi fungua faili la barua za serikali ya wanafunzi ulilolikuta ofisini, utafute zile ambazo hazijajibiwa, na uzijibu kabla ya bumu lijalo.